Saa ya Miaka Saba: Maswali Yenu Kuhusu Posho ya Ulemavu kwa Ndugu Walioko Marekani

Familia nyingi za Wakongo zilizoishi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, zilihamishiwa Marekani kwa miaka mingi. Waliobaki huku, bibi, shangazi na majirani wa zamani, ndio wanaopigiwa simu usiku barua ya serikali ikifika na isieleweke. Ndiyo maana dawati hili la Kigoma linaulizwa mambo ya Marekani. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu SSI, posho ya kila mwezi ambayo serikali ya Marekani huwapa watu wenye ulemavu, wasioona, na wazee wa miaka 65 na kuendelea, endapo kipato na mali yao ni kidogo. Kwa mwaka 2026 kiwango cha juu cha serikali kuu ni dola 994 kwa mtu mmoja, na dola 1,491 kwa mume na mke wakistahili wote wawili. Baadhi ya majimbo huongeza kidogo juu yake.

Shikamooni wahariri. Mdogo wangu alihamishiwa Marekani mwaka 2021 pamoja na mumewe na watoto wanne. Wa tatu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Waliomba posho ya mtoto, wakajibiwa kwamba hali yake haijafikia kiwango. Mtoto hatembei bila kushikwa, hata chakula analishwa! Sasa wameshauriwa waombe upya. Walikosea wapi? (Dada mtu, Kasulu)

Marahaba, dada. La kwanza: wasiombe upya, wakate rufaa. SSI hailipi miezi ya kabla ya maombi, kwa hiyo wakifungua maombi mapya wanapoteza malimbikizo yote tangu maombi ya kwanza. Rufaa ina siku 60 tangu barua ilipopokelewa, na idara ya Social Security, inayosimamia posho hii, huchukulia kwamba barua ilifika siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kama siku zimepita, bado waandike na waeleze sababu. Kutoielewa barua kwa kuwa imeandikwa Kiingereza ni sababu ambayo idara inaruhusiwa kuikubali, ila lazima isemwe kwa maandishi. Hatua ya kwanza ya rufaa ni faili kupitiwa upya na mtu mwingine. Ikishindikana, wanaomba kusikilizwa na hakimu wa idara, na hapo ndipo mara nyingi mtoto huonekana kwa macho kwa mara ya kwanza.

Hili la macho ndilo kiini cha swali lako. Watu waliokataa ombi hawakumwona mtoto, waliona karatasi. Maombi hupokelewa na idara ya Social Security, lakini faili la ugonjwa hupelekwa kwenye ofisi ya jimbo inayopima ulemavu, na huko msomaji na daktari wanapitia kumbukumbu za hospitali, za shule, na fomu iliyojazwa na mzazi. Mtindio wa ubongo kwa jina lake hauwatoshi. Wanachopima ni mambo sita: mtoto anavyojifunza na kutumia alichojifunza, anavyotulia na kumaliza jambo, anavyoishi na wenzake, anavyotembea na kushika vitu, anavyojihudumia, na afya ya mwili wake kwa jumla. Anatakiwa awe na upungufu mkubwa katika mawili kati ya hayo, au wa kupindukia katika moja, na hali hiyo iwe imedumu au itarajiwe kudumu miezi 12 au zaidi.

Sasa tazama mazungumzo yanavyoharibika. Mama anaulizwa kwa simu, "Mtoto anakula mwenyewe?" Anajibu, "Ndiyo, anakula vizuri, tunamshukuru Mungu." Yeye ana maana kwamba mtoto ana hamu ya chakula. Upande wa pili wanaandika: anajilisha. Daktari akiuliza hali, mama anasema, "Hajambo." Kwenye kumbukumbu za kliniki inaingia kwamba mtoto anaendelea vizuri. Kwetu hiyo ni adabu, na kumtangaza mtoto kwa mapungufu yake ni kama kumlaani. Lakini msomaji wa faili hajui adabu hiyo, naye hana kingine cha kusoma.

Jibu linalosaidia ni hili: "Hali chakula mpaka nimlishe. Akishika kijiko kinamdondoka baada ya mara mbili. Sahani moja inachukua dakika 45. Akinywa kwenye kikombe kisicho na mfuniko anapaliwa." Mdogo wako achukue daftari, aandike siku 14 mfululizo: ameamka saa ngapi, nani amemvalisha na kwa dakika ngapi, ameanguka mara ngapi, usiku amegeuzwa mara ngapi, dawa gani imemfanya asinzie darasani. Aandike na siku nzuri pia, kwani faili lisilo na siku hata moja nzuri halisadikiki. Nakala ya daftari iende kwa daktari kabla ya rufaa, ili daktari aandike kwa maneno yake mambo hayohayo.

Aombe vilevile barua kutoka kwa mwalimu. Watoto wote wenye ulemavu huko wana haki ya elimu maalumu bure katika shule ya serikali, uwe uhamiaji wao wa aina gani. Mzazi anaandika ombi la mtoto kupimwa, anaweka tarehe, anabaki na nakala. Mpango ambao shule inamwandikia mtoto baada ya kupimwa ni ushahidi mzuri kwenye faili la SSI, kwa sababu umeandikwa na watu wanaokaa naye siku nzima.

Kuhusu lugha: idara inatoa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa simu na ofisini. Waombe kila mara, na wamkatae mtoto mkubwa wa nyumba kutafsiri. Msichana wa miaka 13 hawezi kumtafsiria mama yake maswali ya haja kubwa na ndogo ya kaka yake. Atayaruka kwa aibu, na hayo ndiyo yanayohesabiwa. Tena waseme kama wanazungumza Kiswahili cha Kongo au Kibembe zaidi. Mkalimani asipoeleweka, wana haki ya kusema hivyo papo hapo na kuomba mwingine.

Wakili wa kesi hizi kwa kawaida halipwi mbele. Akishinda, hukatiwa asilimia 25 ya malimbikizo, isiyozidi dola 9,200. Zipo pia ofisi za msaada wa sheria zisizotoza kitu. Anayetaka fedha kabla ya kuanza kazi, wamwache.

Mimi ni bibi wa mtoto wa aina hiyo. Nimebaki na kadi yake ya kliniki na karatasi za hospitali. Nizitume au hazina kazi tena? (Bibi, Makere)

Shikamoo, bibi. Zina kazi kubwa, tafadhali usizichome wala usizifungie maandazi. Zinaonyesha ulemavu ulianza lini, jambo ambalo daktari wa huko hawezi kulishuhudia. Peke yake hazitoshi, kwa maana wanataka pia vipimo vya tabibu mwenye leseni ya Marekani, ila zinalipatia faili mizizi.

Mwombe kijana apige picha kila ukurasa juani, pande zote mbili hata ulio mtupu, kadi ikiwa imelazwa mezani, na pembe zote nne zionekane. Azitume leo kwa simu. Karatasi zenyewe zisubiri msafiri wa kuaminika.

Kama unaweza kufika hospitali alikotibiwa, iwe Kabanga, Kasulu au Maweni, omba barua fupi yenye muhuri na tarehe: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, alianza kutibiwa lini, nini kilionekana, hakuweza kufanya nini. Jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye karatasi ya kuingilia Marekani, inayoitwa I-94. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye kadi ya kliniki mtoto ni "Baraka", kwenye I-94 ni jina la babu. Kwenye kadi amezaliwa mwezi Agosti, kule ameandikwa tarehe 1 Januari, kama walivyoandikwa watu wengi ambao tarehe yao haikujulikana. Majina yakipishana, mwombe daktari aongeze mstari mmoja kwamba mtoto huyu alijulikana kwa majina yote mawili.

Baba yangu mdogo ana miaka 71. Alifika Marekani Novemba 2020 kama mkimbizi na anapokea SSI. Ameambiwa itakatwa mwaka 2027. Hajui kusoma, ana kisukari na anasahau sana. Kosa lake nini? (Msomaji, Ujiji)

Hana kosa, ndugu yetu. Ni sheria ya mwaka 1996, iliyorekebishwa 1997. Mkimbizi hupewa SSI kwa miaka saba tu tangu siku aliyopokelewa kama mkimbizi. Kupata grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, hakuisimamishi saa hiyo. Kinachoisimamisha kwa wengi ni uraia.

Hesabu yake ni hii. Mkimbizi huomba grini kadi baada ya mwaka mmoja, na ikitoka, tarehe ya ukaazi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia. Kwa hiyo miaka mitano ya kusubiri uraia inahesabiwa tangu alipoingia, na fomu N-400 ya kuombea uraia inaweza kutumwa hata siku 90 kabla haijatimia. Kati ya mwaka wa tano na wa saba ana miaka miwili ya kumaliza kila kitu. Baba yako mdogo tayari yumo ndani ya dirisha hilo tangu mwaka jana. Kama fomu haijaenda, iende mwezi huu. Ada ni dola 760 kwa karatasi au 710 kwa mtandao, lakini anayepokea SSI anaweza kuomba asamehewe kwa fomu I-912, na asamehewe yote.

Kizuizi kikubwa ni mtihani wa Kiingereza na uraia. Kwa maombi ya kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, maswali ya kujisomea ni 128. Mtu huulizwa hadi 20 na anatakiwa apate 12. Wazee wenye miaka 65 waliokaa miaka 20 na ukaazi wana nafuu, wanasoma maswali machache na kwa lugha yao. Lakini aliyeingia 2020 atafikisha miaka 20 ya ukaazi mwaka 2040, wakati posho inakatika 2027. Nafuu hiyo haimfikii.

Inayomfikia ni fomu N-648. Inajazwa na daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni ya Marekani, kueleza kwamba ugonjwa unamzuia mtu kujifunza Kiingereza na uraia. Fomu hii hukataliwa sana, na mara nyingi kwa sababu ileile: daktari ameandika "kisukari, uzee, hajui kusoma" akasaini. Uzee si sababu. Kutosoma si sababu. Kisukari chenyewe si sababu. Kinachotakiwa ni kamba inayounganisha: amepimwa kumbukumbu kwa kipimo gani, amepata nini, ubongo umeathirika vipi, na kwa nini mtu mwenye hali hiyo hawezi kushika jambo jipya hata akifundishwa polepole kwa Kiswahili. Hali iwe imedumu au itadumu miezi 12 au zaidi. Kwa anayesahau kama baba yako mdogo, aombe kwanza daktari amwandikie akapimwe kumbukumbu, kisha ndipo fomu ijazwe. Kusahau kwake kusiitwe uzee. Kunaweza kuwa ndiyo njia yake ya kisheria.

Posho ikikatika kabla ya uraia, siku akila kiapo anaruhusiwa kuomba tena. Isionekane kwamba mlango umefungwa milele.

Na kwa wenye watoto: mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi huko na mzazi anayemlea kisheria, huwa raia moja kwa moja siku mzazi mmoja akiapishwa. Hafanyi mtihani wowote. Kwa familia ya dada wa Kasulu hapo juu, maana yake ni kwamba anayetakiwa kukaa darasani la Kiingereza usiku ni baba au mama, na akifaulu kabla mtoto hajafikisha 18, saa ya miaka saba ya mtoto imesimama.

Dada anataka kuja Kigoma na mwanawe anayepokea posho, wakae miezi miwili kwa ajili ya arobaini ya baba. Kuna shida? (Mwanga, Kigoma mjini)

Poleni kwa msiba. Shida ipo. Mtu anayepokea SSI akiwa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, posho husimama, na akirudi lazima akae siku 30 mfululizo ndani ndipo ihesabiwe kuwa amerudi. Safari ya miezi miwili inaweza kugharimu miezi mitatu ya posho. Waje kwa siku 25, au mama aje peke yake na mtoto abaki na baba, ilimradi waitaarifu idara mabadiliko ya nani anakaa na mtoto. Wasijaribu kunyamaza. Tarehe za mipakani zinaonekana, na fedha iliyolipwa kimakosa hudaiwa, hata baada ya miaka.

Kaka yangu anapokea dola mia tisa na kitu kwa ajili ya mtoto wake. Tumemwomba achangie nyumba ya mama, anasema ni marufuku kuigusa. Anatudanganya? (Uvinza)

Hawadanganyi, na tunawaomba sana mumwamini. Fedha ile ni ya mtoto. Kaka yenu ameandikishwa kama mpokeaji kwa niaba yake, na anaweza kuulizwa matumizi yake: chakula, pango, nguo, nepi, usafiri wa hospitali. Akiituma Uvinza kwa bati na saruji ametumia fedha ya mtoto vibaya na anaweza kutakiwa airudishe. Mshahara wake mwenyewe ni jambo jingine, mnaweza kuuzungumza kifamilia.

Kuna jambo la pili ambalo huenda hata yeye halijui. Mali ya anayepokea haitakiwi kuzidi dola 2,000. Kwa mtoto, akiba ya wazazi inayozidi dola 2,000 kwa mzazi mmoja, au 3,000 kwa wawili, inahesabiwa kuwa ya mtoto. Nyumba wanayoishi na gari moja havihesabiwi. Sasa fikiria upatu, au likelemba kama Wakongo wanavyouita. Watu kumi wanachanga dola 300, na mweka hazina, kwa kuwa ni mwaminifu, anaweka dola 3,000 kwenye akaunti yake. Idara ikitazama akaunti siku ya kwanza ya mwezi inaona mali yake, haioni upatu. Zikijumlishwa na akiba nyingine za nyumba, posho ya mtoto inaweza kukatwa na deni likaandikwa. Hali kadhalika mchango wa msiba. Mzazi anayepokea SSI, iwe yake au ya mtoto, asiwe mweka hazina wa kikundi chochote. Kama ameshakuwa, aikabidhi leo na abaki na karatasi inayoonyesha fedha zilikuwa za nani. Na kila badiliko la kipato lipelekwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Shemeji yangu wa Tabora alishinda bahati nasibu ya visa, akahamia Marekani 2023 na mtoto asiyesikia. Ameambiwa mtoto hastahili SSI. Mbona Wakongo wanapata? (Ng'ambo, Tabora)

Kwa sababu wameingia kwa mlango tofauti. Mkimbizi ana ile miaka saba tangu siku ya kwanza. Aliyeingia kwa bahati nasibu au kwa kuitwa na ndugu hana. Yeye anasubiri miaka mitano, na juu yake awe na robo 40 za kazi (robo za mwaka) zilizokatwa kodi ya Social Security, zisizozidi nne kwa mwaka. Kwa mtoto chini ya miaka 18 robo za wazazi wote wawili hujumlishwa, kwa hiyo baba na mama wakifanya kazi zenye makato miaka mitano kamili zinafika 40. Kazi ya kulipwa mkononi bila makato haimo. Robo ambayo familia ilipokea msaada wa serikali kuu unaopimwa kwa kipato nayo haimo.

Mwaka wa tano huohuo wazazi wanaweza kuomba uraia, nayo ndiyo njia fupi zaidi. Katikati hapa mtoto asikae nyumbani: shule ya serikali inatakiwa kumpima na kumpa mwalimu wa lugha ya alama ikibainika anaihitaji, bila kuuliza visa.

Sisi ni raia wapya wa Ulyankulu. Kijana wangu ana miaka 22 na hana mguu mmoja. Mkopo wa asilimia mbili wa halmashauri unamhusu? (Kaliua)

Unamhusu kama Mtanzania mwingine yeyote. Waliopewa uraia mwaka 2014, zaidi ya watu 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao, ni raia kamili. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo ilisimama 2023 ikarejeshwa 2024, kwa hiyo ombi la zamani msilitegemee, aanze tena kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kabla hajaenda, laza mezani vitu vitatu: cheti cha uraia cha familia, kitambulisho chake cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa. Soma majina kwa kidole. Majina ya Kirundi huandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu, r ikawa l, jina la pili likatangulia la kwanza, na mfumo ukamkataa. Yakipishana, aende kwanza kwa wakili au hakimu apate hati ya kiapo ya majina, kisha NIDA warekebishe. Mkopo uombwe baada ya hapo, kwa jina lile lililo kwenye kitambulisho.